Asiingize Jembe

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili asije mtu akadai baadaye kwamba nilificha. Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika pale Newala, na karani wa mizani analipwa kwa jambo moja tu, kutomwamini anayekuja na gunia. Mkulima anafika na uso wa unyenyekevu, shikamoo nyingi, habari za watoto, na humo ndani ametia kokoto. Nilikuwa na bambo langu, kile chuma chenye ncha na mfereji. Nalichoma gunia ubavuni, korosho zinashuka hadi kiganjani, nazitazama. Nilichoma magunia ya majirani, ya shangazi zangu, ya shehe na ya padri. Kati ya hao wawili wa mwisho mmoja alikuwa na mchanga, na sitasema ni yupi.

Watu wakaniita Mama Mizani. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kunikomoa, nami niliitika yote mawili. Baba wa binti yangu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Maisha aliyapata, sisi akatusahau. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na binti yangu, na mshahara ulikuwa wangu peke yangu, na nje ya mshahara nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, mikorosho ya mama. Mama alikufa akaniachia mikorosho thelathini na nane nje kidogo ya mji, aliyoipanda mwenyewe mmoja mmoja. Kwetu mali kama hiyo inapita upande wa mama, kwa hiyo hata ndugu wa baba wenye macho makali walinyamaza.

Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Wakaja na malori na mizani yao, wanalipa papo hapo, noti mkononi, wakati sisi wa ushirika tulikuwa bado tunawapa wakulima karatasi na ahadi. Nani angekuja kwetu? Msimu wa kwanza ghala lilijaa nusu, wa pili tulikaa na mizani yetu tukifukuza mbuzi. Mshahara ukachelewa mwezi, ikawa miezi mitatu, mwisho tukaitwa ofisini tukaambiwa tumepunguzwa. Neno lenyewe lilinikera. Kinachopunguzwa ni chumvi kwenye mboga, siyo mtu mwenye mtoto shuleni.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili huko Masasi na ada ilikuwa haisubiri. Lakini kilichonishika koo hasa ni mabati. Wakati mshahara upo nilijiona mtu, nikaezeka nyumba kwa mabati ishirini na nne niliyokopa kwa mfanyabiashara mmoja wa Masasi, nimlipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Nilipokosa miezi minne akapanda Newala mwenyewe kwa lori. Hakugomba wala hakutukana. Alishusha ngazi, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu, akaniambia kwa upole, "Mama, nakuachia ngazi hii hapa. Nikirudi baada ya wiki mbili hujanilipa, nitaipanda." Akaondoka zake, na ngazi ikabaki ukutani. Kila aliyepita njia aliitazama, na mimi kila asubuhi nilipofungua mlango kitu cha kwanza kuona kilikuwa hiyo ngazi. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote.

Sasa namleta muuza maji. Newala kama huna mtu wa kukuletea maji huna maisha, maana sisi tuko juu na maji yako chini kabisa bondeni, na pampu ya mji siku nyingi ilikuwa haina dizeli. Huyu mzee alikuwa akishuka alfajiri na baiskeli yake na kupanda akiisukuma, madumu manne yamefungwa, shati limelowa mgongo mzima. Tangu nipate kazi ndiye aliyeniletea. Nilimlipa mwisho wa mwezi, naye alikuwa hadaidai. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini, lakini nikiwa karani sikuwahi kumpa shikamoo. Nilimwambia "habari za kazi" nikaendelea na mambo yangu. Hilo nalo liandikwe.

Nilipopunguzwa kazi aliendelea kuleta maji. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, madumu mawili kila siku ya pili, anayaweka kizingitini, hasemi neno. Mwenye akili nyepesi angesema huyu ni mtu mwema. Mimi nilijiuliza, huyu anataka nini? Hakuna mtu anayepandisha maji mlima ule bure. Nilikuwa nimeona pia kwamba baiskeli yake moja imekuwa tatu, na vijana wawili wanamsukumia. Mwenye mshahara nimeanguka na mbeba maji ameinuka, na bado ananipa maji. Nilimpima kila alipoinama kutua dumu.

Zikiwa zimebaki siku nne ngazi ipandwe, nilimngoja mlangoni. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Alitua madumu taratibu, akanitazama. "Marahaba, Mama Mizani. Una shida gani?"

Ndivyo alivyojua. Nikamwambia nataka kumwekea rehani mikorosho ya mama, anipe fedha ya kumaliza mabati na ada ya mwaka. Kwetu rehani ya mikorosho ni jambo la kawaida. Anayekopesha anavuna mikorosho yako kila msimu mpaka siku utakapomrudishia fedha yake yote, ndipo unairudia. Mavuno aliyokula ni yake, hayapunguzi deni. Ukichelewa kulipa mpaka maua yametoka, msimu ule ni wake pia. Watu wengi wamepoteza mikorosho kwa njia hiyo bila kupigana na mtu, miaka inapita tu.

Akasema atazungumza na mke wake. Siku ya pili akaja na jibu kwamba wamekubali.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliitwa awe shahidi kama desturi inavyotaka. Desturi inataka shahidi, kikombe cha chai na maneno. Mimi nikatoa karatasi. Mjomba akakunja uso. "Karatasi ya nini? Unamwandikia mtu anayekufaa kwenye dhiki?" Nikamwambia mjomba, kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimefanya kazi ghalani, nimeona nguo nyingi.

Kwenye karatasi ile niliandika vifungu vitatu. Cha kwanza kilisema atavuna mpaka nilipe. Cha pili kilisema asiingize jembe wala panga wala mche wowote shambani, kazi yake ni kuokota korosho tu. Hiki ndicho nilichokiona cha busara kuliko vyote. Kwetu ardhi ni ya ukoo lakini mti ni wa aliyeupanda, na mtu akilima mahali miaka mitatu, akachomeka miche yake kwenye mapengo, siku ya siku anasimama mbele ya wazee anasema hapa ni pangu, tazameni miti yangu. Nilikuwa nimesikia kesi za namna hiyo si moja. Sikukubali mikorosho ya mama iende hivyo.

Cha tatu kilisema mikorosho ikipata madhara yoyote ikiwa mikononi mwake, hasara ni yake na deni limekufa.

Niliwasomea kwa sauti ile ya karani, ya haraka. Cha kwanza nikasoma. Cha pili nikasoma mara mbili. Cha tatu nikakisoma kimoyomoyo, nikakunja ukurasa, nikamwonyesha pa kuweka dole gumba. Yule mzee hakujua kusoma. Akabonyeza kidole kwenye wino, akabonyeza karatasini, akakifuta kwenye kaptura yake. Mjomba alikuwa akinywa chai. Nikampa nakala yake, naye akaitia kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa na sukari.

Mabati nililipa. Yule wa Masasi alituma mtu kuja kuchukua ngazi.

Basi nikaanza kutafuta fedha ya kukomboa. Nilikaanga vitumbua stendi, nikashona mashati ya sare, nikapunguza chai ikawa mara moja kwa siku. Binti alipokuja likizo tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, tukajifanya tunaipenda. Msimu ulipofika, mnunuzi mmoja binafsi alisikia sifa zangu, akanichukua nikapime korosho kwenye kituo chake Nanganga. Nilienda nikishuku, na safari hii sikukosea. Juma la pili akaniambia nikaze skrubu fulani ya mizani ili mkulima apunjwe kilo mbili kwa kila gunia. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja nikiwakagua wakulima, kumbe wa kukaguliwa yuko upande huu wa meza. Nikadai ujira wangu wa siku nilizofanya nikapanda gari kurudi. Wengine walimaliza msimu wakanunua redio. Shauri yao.

Mzee wa maji alinijia mara tatu kuhusu lile shamba. Ya kwanza ilikuwa kabla ya mavuno. Akasema, "Mama Mizani, nyasi zimefika magotini. Niruhusu nipalilie, korosho zikianguka humo hazionekani." Nikamwambia karatasi inasemaje? Akasema inasema nisiingize jembe. Nikamwambia basi.

Msimu ule yeye na mkewe waliokota kwa kupapasa kwenye nyasi, na nadhani nusu ya korosho zililiwa na panya. Sikuona huruma. Nilisema moyoni, anajifanya anataka kupalilia, kumbe anataka kuanza kulima.

Mara ya pili ilikuwa baada ya mvua, nyasi zimenipita kiuno. Akaomba afyeke angalau ukingoni, palipo na njia. Nikakataa. Siku chache baadaye niliamka mapema nikaenda shambani bila kumwambia mtu, nikajibanza nyuma ya kichuguu. Haikupita muda nikamwona anakuja, jembe begani. Nikapata furaha mbaya, nikasema leo nimekushika. Alifika ukingoni mwa shamba akasimama. Akasimama muda mrefu akitazama nyasi. Halafu akageuka akarudi alikotoka. Mtu mwingine angeelewa alichokuwa anafanya. Mimi nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba ameniona, ndiyo maana hakuingia.

Mara ya tatu ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Akasema, "Mwaka huu upepo ni mkali na watu wameanza kuchoma. Nipe ruhusa nikate njia ya moto tu, upana wa hatua tatu, sipandi kitu." Nilikuwa nimeshakusanya zaidi ya nusu ya fedha yake. Mikorosho ilikuwa karibu kurudi, na mtu aliye karibu kupata kitu chake ndiye mwenye hofu kuliko wote. Nilimwambia, "Baba, kwa nini unalipenda sana shamba langu?"

Alifunga madumu matupu kwenye baiskeli akaondoka. Kesho kutwa yake alileta maji kama kawaida.

Moto ulianzishwa na wawinda panya. Panya wa porini kwetu ni kitoweo, tunawaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, kwa utani, na njia ya haraka ya kuwatoa ni kuchoma nyasi na kuwangoja upande wa pili na marungu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Upepo uligeuka, moto ukakutana na nyasi za shamba langu ambazo hazikuguswa mwaka na nusu, zimekauka, zimefika kwenye matawi. Mikorosho ilikuwa na maua. Mimi nilikuwa stendi na vitumbua vyangu, nikaona moshi, na bado sikujua ni wapi mpaka mjomba aliponijia akitembea haraka kuliko umri wake.

Tulipofika hakukuwa na la kuzima. Mikorosho mitano tu ya upande wa njia ndiyo iliyobaki na majani. Mingine ilikuwa mashina meusi, na ule mkubwa wa katikati, ambao mama alinifunga mgongoni siku alipoupanda, ulikuwa umeanguka na unaendelea kufuka moshi. Na hapa nitasema ukweli unaoniuma mpaka leo. Kabla sijalia, kabla hata sijamkumbuka mama, nilikumbuka kifungu cha tatu. Hasara ni yake na deni limekufa. Nilisimama kwenye majivu ya mikorosho ya mama yangu nikajua kwamba sidaiwi. Ndipo nikalia, na mjomba akadhani nalilia mikorosho peke yake.

Siku ya tatu mzee wa maji alikuja asubuhi. Alitua madumu mawili kizingitini kwanza. Kisha akatoa ule mfuko wa sukari, akanyoosha karatasi kwenye goti, akanipa.

"Nisomee, Mama Mizani. Nataka kujua tumesimama wapi."

Mjomba alikuwepo, amekuja kunipa pole, na yeye pia macho yamezeeka, hasomi bila miwani. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilishika ile karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini. Ningesoma kifungu cha tatu kama kilivyo na fedha niliyokusanya ingekuwa ya kwangu, ada ya miaka yote iliyobaki. Nilitazama madumu. Maji yalikuwa bado yanachezacheza ndani. Nilijionea aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya ngazi.

Nikasoma cha kwanza. Nikasoma cha pili, kidole changu chini ya neno jembe. Cha tatu nikasoma hivi: "Mikorosho ikipata madhara, deni liko palepale, na mwenye mikorosho atalipa fedha yote."

Mzee akainamia karatasi. Akasema, "Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma tena, vilevile.

"Sivyo ilivyoandikwa," akasema. "Mke wangu alisoma kisomo cha watu wazima, ana cheti. Alinisomea siku ile ile tuliyotoka kwako. Cha tatu kinasema hasara ni yangu."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu. Mwaka mzima na nusu alijua nilichomficha, na mwaka mzima na nusu alikuwa akiniletea maji. Nikamuuliza kwa nini sasa hakukata njia ya moto kwa siri, ikiwa alijua hasara itakuwa yake.

"Nilifika na jembe mara nyingi," akasema. "Nikawaza, huyu ananitega. Nikiingiza jembe atasema nimevunja cha pili, atachukua mikorosho na fedha yangu imekwenda. Mimi pia nilikushuku, Mama Mizani. Nilisema acha ninyamaze, iko siku atanisomea mwenyewe."

Mjomba, ambaye alikuwa haelewi nusu ya mambo, akatuuliza sisi ni watu wa namna gani.

Siku ile nilimpa fedha yote niliyokuwa nayo. Iliyobaki nilimlipa kwa misimu miwili, kwa vitumbua na mashati, na kila nilipompa alihesabu mbele yangu noti moja moja. Hakunisamehe hata senti, na nilimheshimu kwa hilo. Maji nililipia pia. Binti yangu alimaliza kidato cha nne, alichelewa mwaka mmoja lakini alimaliza.

Siku nilipolipa ya mwisho aliuliza, "Sasa naruhusiwa kuingiza jembe?"

Nilidhani anatania. Mvua za kwanza ziliponyesha akaja na kikapu cha korosho za mbegu, akasema twende shambani. Na mimi, mazoea ni mabaya, nilichota maji kwenye dumu lake mwenyewe, nikayatia kwenye beseni, nikamimina mbegu zake humo kuona zipi zitaelea, maana mbegu mbovu huelea. Alisimama akaniangalia. Hakuna hata moja iliyoelea. Nikazitoa, nikazirudisha kikapuni, tukaondoka.

Mashimo alikuwa ameshayachimba. Nilisimama ukingoni nikayatazama, na ule woga wangu wa zamani ukarudi, kwamba atapanda na miti itakuwa yake. Akachukua mbegu kikapuni, akanitilia kiganjani. "Tia wewe," akasema. "Mti ni wa anayetia. Mimi nimechimba tu."

Niliyahesabu mashimo nilipomaliza kufukia. Yalikuwa thelathini na tatu, na mikorosho iliyopona mitano, jumla ileile aliyoniachia mama. Nikahesabu mara ya pili.